Wino Kabla ya Skrini

Muuguzi huyu alikuwa na kanuni moja: namba ya damu iandikwe kwa wino kabla jicho halijaangalia skrini. Wenzake wakambandika jina la Bi Wino. Aliitika.

Kliniki yao ya kisukari ilikuwa inajaribu mashine mpya. Mgonjwa aliweka kiganja juu ya kisahani cheupe, mawimbi ya rada yakapenya ngozi na kurudi, na skrini ikataja kiwango cha sukari. Hapakuwa na sindano wala tone la damu. Bi Wino aliendelea kuwachoma vidole ili namba mbili zilinganishwe.

Aliyeingojea mashine ile kuliko wote ni wifi yake, fundi cherehani. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechomwa miaka tisa, sasa hazihisi hata uzi.

"Wifi, hiyo rada yenu lini?"

"Siku itakaposema kweli."

"Nawe kwa kupima! Ungeipima ndoa kwanza."

"Ningeipima, ningekuwa wifi yako?"

Wakacheka. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chao cha mwisho.

Asubuhi moja akaja dobi, mikono imetoka kwenye maji, ngozi imekunjamana. Damu ilisema mbili nukta tisa: sukari iliyoshuka kiasi cha kumwangusha mtu. Skrini ikasema sita nukta nne: mzima wa afya. Dobi alikuwa anatetemeka kwenye kiti. Bi Wino alimnywesha maji ya sukari, akaandika namba zote mbili.

Msimamizi wa majaribio akachungulia daftari. "Rudia. Akishatulia mpime upya, uandike hiyo."

"Na hii?"

"Ifute. Mkono ulikuwa umelowa maji."

"Basi tuandike kwamba mkono uliolowa unaidanganya mashine."

"Dada yangu, wafadhili wanakuja Ijumaa. Utatukwamisha kwa ajili ya dobi mmoja?"

"Dobi ni mmoja. Wanaofua na kuosha vyombo ni nusu ya mji."

Msimamizi akamsogezea kifutio cha wino. Bi Wino alikitupa kwenye pipa la sindano zilizotumika, mahali ambapo hakuna anayethubutu kutia mkono. Kisha akamwita mfagizi na mpishi wa kliniki, akaomba ridhaa yao, na wote watatu wakaloweka mikono kwenye karai kwa nusu saa. Akajichoma, akawachoma. Kati ya watatu, wawili mashine iliwakosea. Akaandika, akatia sahihi, akalipeleka daftari kwa mganga mkuu mwenyewe.

"Unajua unachokifanya?" msimamizi alimuuliza mlangoni.

"Tangu chuoni."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kasoro ya mashine ni mbaya zaidi, maana kifo chenyewe humpata mwingine. Wapo watakaosema angenyamaza, mashine ingerekebishwa polepole huku watu wakipumzika kuchomwa. Dobi yule angepumzika moja kwa moja.

Majaribio yalisimamishwa Ijumaa hiyo, mashine ikarudishwa kwa waundaji ili ifundishwe mikono ya watu wanaofanya kazi.

Mkataba wa Bi Wino haukuongezwa. Wifi yake bado anajichoma mara nne kwa siku, na hajakanyaga nyumbani kwa Bi Wino tangu Ijumaa ile.