Gari Jekundu la Ntswaki na Kiti cha Kushoto

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Katlehong. Ntswaki Mofokeng anaegemeza mkongojo wake kwenye kaunta ya duka la gemu, anajiweka kwenye kiti cha plastiki mbele ya skrini na kuomba utulivu. Hapewi. Wanaume wazima wamejazana nyuma yake, kila mmoja na kota yake mkononi, mkate uliojazwa chipsi, na kila mmoja anajua kuendesha kuliko yeye.

"Kanyaga breki, dada!" mmoja anapiga kelele kabla gari halijaondoka.

"Wewe uliyeuza gari ukanunua friji, leo unanifundisha mimi breki?"

Duka zima linacheka. Mwenye friji naye anacheka, afanyeje.

Hii ndiyo kazi ya Ntswaki. Kila gemu mpya ya mbio za magari inapoingia, mwenye duka, Sfiso Radebe, humwita aipime. Anaicheza asubuhi nzima, kisha anaandika alama zake kati ya kumi kwa kalamu nyeupe kwenye kioo cha mlango. Malipo ni ya siku, pamoja na chakula cha mchana, na hayamtoshi mwanamke wa miaka arobaini na sita anayenunua dawa za sukari kila mwezi. Lakini mtaa huu haununui gemu ya magari kabla ya kusoma kioo. Leo mzigo ni mkubwa zaidi, kwani gemu imekuja na mashine mpya kabisa, na Sfiso ameagiza maboksi mengi kuliko akili yake.

Wanamwamini kwa sababu wanalijua gari lake. Kwa miaka mingi, kila Jumapili, Ntswaki alikuwa anazungusha gusheshe jekundu, ile BMW ya zamani yenye sura ya boksi, mpaka matairi yafuke moshi na uwanja usionekane. Na gari likiwa linazunguka, mdogo wake Pule alikuwa anatoka dirishani upande wa kushoto, ananing'inia, anacheza na kuwapungia watu.

"Mimi nilishika usukani, yeye akashika watu," ananiambia Ntswaki, nikiandika kwenye daftari langu la habari. "Hata mabango waliandika jina lake kwanza. Mshenzi yule."

Kisha sukari ikamchukua mguu wa kushoto, mguu wa klachi, na gusheshe bila klachi halizunguki. Majira ya baridi yaliyofuata, mapafu yakamchukua Pule. Makaburini magari yalizungushwa kama anavyozikwa mtu wa mchezo huu, moshi ukapanda, kina mama wakapiga vigelegele. Gari jekundu lilikuwa nyumbani chini ya turubai.

"Nilimzika ndugu yangu kwa magari ya watu," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Mguu sikuulilia hivyo."

Pasaka hii familia inazindua jiwe la kaburi, na swali ni moja: nani atalizungusha gari jekundu? Dineo, binti wa Pule, amekua akilala gereji, na ameomba ufunguo hadi amechoka. Shangazi yake anakataa. Alipoona tangazo la mashine hii mpya, yenye klachi ya kubonyeza kwa kidole, aliingiwa na tamaa anayoisema bila aibu.

"Nilisema hapa ndipo nitaupata mguu wangu."

Anaanza kupima, amechagua gusheshe jekundu. Anafumba macho asikilize injini. "Ni yeye," anasema. "Sikieni anavyokohoa." Anasifu jinsi pedi ya kuchezea inavyotetemeka mkononi tairi likigusa changarawe, anaponda mvua ya kwenye skrini kwamba hailowanishi barabara sawasawa. Sfiso ameshaanza kupasua maboksi.

Anapofika uwanja mpana, anakata usukani na kuigonga klachi kwa kidole. Gari linazunguka na moshi unajaa skrini. Watu wanapiga miluzi, Ntswaki ameinamia upande mmoja, mdomo wazi, na uso wake unanifanya nitazame pembeni. Ndipo mkono wake wa kushoto unaiacha pedi na kupiga kiti kilicho jirani mara mbili. Ilikuwa ishara yao. Pule, toka.

Skrini inaingia giza. Gemu inalinyanyua gari, inalirudisha barabarani likitazama mbele, na kuandika kwamba dereva alikuwa amepoteza mwelekeo.

"Imekuokoa, dada!"

"Imeniokoa na nini?" Hacheki. "Sfiso, nionyeshe ndani ya gari."

Sfiso anabonyeza. Kiti cha kushoto kinaonekana kitupu, mkanda umekunjwa vizuri.

"Hamna mtu," anasema Ntswaki.

"Ni gemu ya mbio, dada. Abiria wa nini?"

Anarudia kuzungusha. Gemu inamwokoa tena. Anarudia, inamwokoa tena, na safari hii anaiweka pedi chini na kufuta macho kwa mkono wa sweta.

"Andika tisa, nakuomba," Sfiso anambembeleza. "Umeyaona maboksi."

"Niliyaagiza mimi?"

Anaandika saba. Chini yake anaongeza: sauti nzuri, kiti cha kushoto hakina mtu. Mgeni mmoja anauliza maana yake nini. Aliyeuza gari anavua kofia.

Mchana tunamkuta Dineo uani kwa shangazi yake, amelifunua gari ili kulifuta vumbi. Ntswaki haendi upande wa usukani. Anafungua mlango wa kushoto, anakaa mahali pa mdogo wake, anateremsha kioo na kulipima dirisha kwa mikono. Kisha anamrushia Dineo ufunguo.

"Shangazi! Unanipa?"

"Nakuazima. Ukiniharibia klachi nitakufuata na mkongojo."

"Na atakayetoka dirishani?"

"Hapa amekaa nani?"

"Shangazi, una mguu mmoja!"

"Dirishani kazi ni ya mikono. Huo mmoja ni wa kukanyagia kiti. Ule wa pili baba yako alikuwa anaupunga hewani tu, maringo."

Dineo anacheka huku analia. Tangu siku ile wameanza mazoezi kwenye uwanja mtupu, taratibu, na Ntswaki ameshachubuka viwiko vyote viwili. Namuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," anasema. "Lakini miaka yote ile mimi nilikuwa naangalia usukani. Sijawahi kuona alichokuwa anakiona Pule akiwa kule nje. Pasaka nitaona."