Sura Niliyoiruka

Kwa mihula miwili nilifundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa pale mtaani Jericho, na kwa mihula miwili nikapiga chenga sura moja. Ni ile ya vishazi vinavyobainisha, yaani kile kipande cha sentensi kinachokuambia ni mtu yupi hasa anayesemwa kati ya wengi. Kila tulipoikaribia nilitazama saa, nikasema, "Hiyo tutairudia." Ukweli ni kwamba sikuielewa. Shuleni nilikariri maana yake, nikapata alama zangu, nikaisahau kabla sijafika nyumbani.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima saba waliokuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aliyeninyima raha ni mama mmoja anayeuza mboga sokoni hapo hapo Jericho, mzaliwa wa magharibi, wa rika la mamangu. Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, na Kiingereza kilikuwa kimemwangusha mara mbili. Chekechea moja kule Njiru ilikuwa tayari kumchukua afundishe, mradi afaulu. Zilibaki wiki tatu.

"Leo ni leo, mwalimu," akaniambia mlangoni. "Asemaye kesho ni mwongo. Tufanye ile sura."

Nikajikaza kisabuni. Asubuhi nilikuwa nimetazama video mbili kwenye simu, na zote zilisifu koma kana kwamba koma inaliwa na ugali. Basi nikabuni zoezi la kusukuma muda: kila mtu aandike sentensi ya Kiingereza kuhusu mmoja wetu, bila kumtaja jina, na sisi tumtambue bila kukosea.

Fundi wa viatu akatangulia. Aliandika kwamba mtu aliyevaa sweta anapenda chai.

"Sasa huyo ni nani?" wakamrukia. "Si wanne wetu tuko na sweta!"

Akaongeza: mtu aliyevaa sweta yenye tundu kiwikoni. Macho yote yakamwendea mlinzi mmoja anayeishi Ziwani, naye akaficha mkono huku akicheka kuliko wote. Nami, chaki mkononi, nikaelewa. Ukiliondoa lile tundu, yule mtu anapotea kati ya wenzake, kwa hiyo huwezi kulitenga kwa koma. Lakini kama tayari tunajua unamsema mlinzi wetu, tundu ni porojo tu za ziada, na porojo ndizo huwekewa koma. Nilifurahi kupita kiasi, ila sikumwambia mtu kwamba nimejifunza dakika hiyo hiyo.

Ikafika zamu ya mama. Akasimama, akavaa miwani, akasoma polepole kwa Kiingereza kilichonyooka. Alisema kwamba mtu ambaye kila mara husema tutairudia huwa hajui.

Hakuna aliyeuliza ni nani.

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Nikamwambia kwamba hapa ni darasani, na mwenye kutaka mzaha aende akaufanyie sokoni. Alinisubiri nimalize.

"Si mzaha, mwalimu. Mimi niko na wiki tatu. Kama hujui, sema tu, tujue tunafanya nini."

Nikaona aibu, ile inayochoma mpaka masikio. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nilikuwa nimeuficha wangu kwa mihula miwili. Tofauti ni kwamba atakayeanguka mtihani ni yeye.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Hii nimeielewa leo, na ni nyinyi mmenifundisha. Na kuna nyingine siziwezi."

Hakuonyesha mshangao wowote. Akafungua kitabu chake, akanionyesha kurasa alizozikunja pembe, kumi na moja kwa jumla. Siku zote nilidhani hizo ndizo alizozipenda. Kumbe kila pembe ilikuwa ya sura niliyoiruka.

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuja, akiacha mboga zake siku ambayo soko hujaa.

Akavua miwani, akaniangalia bila hasira hata kidogo.

"Sasa ningeenda wapi?" akasema. "Si wewe ndiye mwalimu tuko naye."