Kompyuta yangu ya kupozwa na maji, na bamama wa korali wenye balikunywa ile maji

Bakubwa wa humu ndani, jambo kwenu bote.

Mi ni muzee wa muji wa Baraka, ku mwambao ya ziwa. Masomo yangu iliishia njiani, kwa hiyo mwenye atakuta herufi mubaya aiokote aende nayo. Lakini yenye naandika hapa niliiona na macho yangu mawili. Moja iko na ukungu, ni kweli. Ingine bado inafanya kazi.

Kuna mutu aliuliza humu kama kompyuta ya kupozwa na maji inaweza kufaa ku inchi ya joto. Mulimujibu na mapicha ya mataa ya rangi. Mi namujibu na yangu, yenye haina taa hata moja.

Kwanza mujue kazi yangu.

Nilianzaka na picha, zamani za filimu, wakati mutu alikuwa anavaa koti ya jirani kwa ajili ya picha moja, kisha anangojea mpaka filimu irudi toka kusafishwa Uvira. Bengine balikufa mbele picha irudi, nikaipeleka kwenye matanga yabo, na familia inasema: ona vile alipendezaka na hiyo koti! Na mwenye koti iko pale, ananyamaza.

Lakini hiyo ni habari ingine.

Leo nafanya video. Ndoa, matanga, korali. Korali njo nyingi. Huku Fizi kila kanisa iko na korali, na kila korali ikigombana inakuwa korali mbili, kwa hiyo kazi haiishi.

Shida yangu ni nyumba ya mabati. Jua ikipanda, ndani mule hata muserebanya, ule mujusi wa ukuta, anatoka. Na video, wakati wa kuitoa ikuwe filimu moja nzima, inaomba prosesa ifanye nguvu saa mingi. Kompyuta yangu ilikuwa inaanza vizuri, kisha ventilateri, ile feni yake, inalia sawa mbuzi yenye kufungwa, kisha pap! Giza. Unaanza upya.

Shemeji yangu Amisi, fundi wa frigo, alinicheka:

"Shemeji, hii kompyuta haina ugonjwa. Shida ni adresi. Ipandishe ku milima ya Bibokoboko, ilale na bang'ombe ku baridi, utaona itapona."

"Na mi?"

"We ubakie huku. Utakuwa unaisalimia ku simu."

Huyu ni ndugu wa bibi yangu. Ningefanya nini?

Tena njo yeye alinisaidia, siwezi kudanganya. Aliunganisha tiyo, ile bomba ya shaba ya frigo yenye kufa, juu ya kibao kidogo ya shaba, akakisugua mpaka unaona meno yako ndani. Hicho njo kinakaa juu ya prosesa. Radiyateri ndogo tulitoa kwenye gari yenye ilikufiaka ku barabara ya Mboko. Pompi ilitoka kwa mutu wa Uvira mwenye alikuwaka anatuma samaki za mapambo ku inchi za mbali.

Hiyo biashara munaijua? Kule batu banaweka samaki za ziwa yetu ndani ya kioo, banaziangalia. Habakule. Banaangalia tu. Siku nilimuelezea bibi yangu Mama Neema, mwenye anauzisha ndagala, dagaa yetu, ku soko, aliomba kiti kwanza.

Sasa maji.

Humu ndani mulinishauri niweke dawa ya buluu, ile ya kuzuia kutu na majani. Nilishaitafuta. Mama Neema aliona chupa yenye kichwa ya mufu na mifupa mbili, akasema: "Baba Neema, mu nyumba yangu maji ni maji. Hiyo kitu irudi kwenye ilitoka." Nikairudisha. Nikaweka maji ya mvua, yenye kuchujwa na kitambaa safi.

Maji ilikaa mu ndoo nyeupe ya kufunika, pompi inalala chini ndani, tiyo zinapita nyuma ku ukuta. Fundi wa kweli angeifunga na visu, ile misumari ya kuzungusha. Mi niliweka kifuniko tu.

Na Mama Neema akaona ndoo mu salo yake, ile chumba ya bageni, haina heshima. Akaifunika na kitambaa yake nyeupe ya maua, ile ya kushona na mukono. Akaisukuma mu pembe karibu na mulango, akapeleka ndoo yetu ya maji ya kukunywa ku jikoni.

Mwenye ni mutu wa huku ameshaelewa. Mwenye si wa huku, nitamuelezea: kwetu, ndoo nyeupe, mu pembe ya salo, na kitambaa ya maua juu, haiombe maandishi. Mugeni anafunua, anachota, anakunywa, anafunika. Hata haulizi. Ukimukataza, hiyo ni tusi yenye bajukuu bako bataikuta.

Mashine ilifanya kazi, bakubwa. Jua ya saa sita, mabati inalia, na prosesa iko baridi sawa mutu mwenye hana deni. Amisi alikuja, akaigusa, akanyamaza. Kumunyamazisha Amisi peke yake, kazi yote ililipa.

Sasa tunafika.

Kuna korali moja ya bamama, bengine ni ba hapa, bengine ni bakimbizi toka Burundi. Mwenye kuanzisha nyimbo ni Mama Godeliva, mukimbizi, sauti yake ukiisikia ku njia unasahau kwenye ulikuwa unaenda. Familia yake ilikuwa imeitwa na batu ba kusaidia bakimbizi kwenda kuishi inchi ya mbali, kule ku baridi. Gari ya kubachukua ilikuwa ya kesho asubui. Na hiyo korali haikuwahi kuwa na video hata moja. Nilikuwa nimebarekodi ku mwambao, nyimbo zote, na niliahidi: Mama Godeliva hatapanda gari bila video mu mukono.

Siku hiyo nilianza kuitoa asubui. Nilikaa mbele ya kompyuta, vifaa vya masikio ku kichwa, nikisikiliza kama sauti haikatike. Mama Neema iko ku soko.

Bamama balifika bote na miguu, jua inachoma, bangojee video pamoja na mwenzabo. Mi nikatoa sikio moja tu, nikasema vile kinywa imezoea tangu nizaliwe:

"Karibuni bamama, mukae, maji iko pale."

Na mukono wangu ukaonyesha pembe.

Nikarudisha sikio.

Nyuma yangu, korali nzima inapitisha kikombe. Mi ninasikiliza Mama Godeliva anaimba mu masikio yangu, na Mama Godeliva mwenyewe iko nyuma yangu anakunywa kompyuta.

Pap! Giza.

Niligeuka. Mama mumoja munene, Mama Salima, alikuwa anainamisha ndoo apate ya mwisho.

"Baba Neema," akasema, "maji yako ni tamu, lakini munaiwekaka ku jua? Iko na joto-joto."

"Na kuna kitu inanguruma chini," mwingine akasema. "Tulifikiri ni chura, tukaogopa kukuambia."

Mugeni amekunywa, unamuambia karibu tena. Njo vile nilifundishwa. Nikasema:

"Karibuni tena."

Mama Godeliva aliangalia kioo nyeusi ya kompyuta, akaangalia tiyo, akaangalia ndoo. Haikukuwa mama wa kuelezewa mara mbili.

"Baba, video yangu iko wapi?"

Ile sauti haikukuwa ya kucheka. Nikamuambia yote: maji, pompi, prosesa, na vile kazi yote ya asubui imepotea, inaomba kuanza upya, na jua yenye inalisha plake zangu za umeme ikishuka, hakuna umeme tena mpaka kesho. Na kesho yeye haiko.

Kisha Mama Salima akashika tumbo: "Yesu wangu! Tulikunywa nyimbo zetu!"

Balicheka mpaka bengine balikaa chini. Mama Godeliva pia, na machozi inatelemuka, na sikujua machozi ni ya upande gani.

Yeye njo alisimama wa kwanza, akafunga kitenge.

"Yenye tulikunywa, turudishe."

Balichukua mabeseni yangu yote, na ya jirani. Njia ya kwenda ziwa ikajaa bamama. Mi nikaanza upya, prosesa nikaiachia nguvu yote ishinde jua, zaidi ya yenye radiyateri inaweza kupoza. Ndoo ikipata joto, mumoja anachota ya moto, mwingine anamwanga ya baridi. Ya moto habakuimwanga bure: balinioshea vyombo, balioshea batoto ba jirani, Mama Salima alitia miguu yake ndani akafunga macho. Mama Neema akarudi toka soko, akakuta batu banaoga na kompyuta ya bwana yake. Alitua ndagala, akakamata beseni.

Jua ilikuwa inagusa milima ya nyuma ya muji wakati filimu ilimalizika. Nikaiweka ku flashi ndogo, Mama Godeliva akaifungia mu ncha ya kitenge, fundo mbili.

Asubui aliondoka.

Kitambo kilipita, akaniita ku simu. "Baba," anasema, "huku nyumba zote ziko na radiyateri ku ukuta, maji moto inapita ndani. Siku ya kwanza niliiona nikacheka peke yangu. Bakaniuliza, Mama, kuna nini? Nikabaambia: hii kitu naijua, nilishaikunywaka."

Nyuma yake nikasikia korali, ile ya ku mwambao, na batoto bake banaimba pamoja nayo.

Sasa funzo. Maji ya mvua inafaa, bakubwa. Maji ya ziwa niliitoa kesho yake, inaacha chokaa mu tiyo. Ndoo ifungwe na visu. Na kabla ya kununua chochote, musikilize bibi ya nyumba, kwa sababu kama ile dawa ya buluu ingekuwa ndani, leo ningekuwa naandika toka gereza.

Lakini shida moja imebaki. Nilijaribu kuweka ndoo mbili, moja ya kukunywa, moja ya kompyuta. Bageni banasikiliza zote mbili, kisha banachota ya kompyuta. Banasema maji yenye kutembea njo safi.

Mwenye anajua namna ya kuambia mugeni "hii usikunywe" bila kumutukana, aniandikie hapa chini. Mama Neema anasema namna hiyo haiko.