Kashata za Sanamaki

Salma mwanangu, nakusalimu wewe huko Maskati, mumeo Nassor, mkweo Bi Asha na kichanga Iddi. Sie Michenzani hatujambo.

Leo nacheka na huku moyo wanidunda!

Nimekwenda posta kuulizia kifurushi nlichokupelekea, maana viwili vya mwanzo vilipotea.
Yule karani anayepokea vifurushi hayupo.
Mwenzake akanambia, "Bi Zuhura, tangu juzi tumbo linamwendesha, hatoki chooni!"

Nikarudi mbio kukuandikia.
Kashata zako za humo kifurushini nlizikanda na sanamaki, ile dawa uliyoniomba ya kufungua choo!
(Usinune wakisikia mumeo na mkweo, hapa sote watu wa nyumbani.)

Nijibu upesi, mwanangu: zimefika?
Kama zimefika, nshamdhania vibaya mtoto wa watu.
Kama hazijafika, nimpelekee uji maskini, maana zilikuwa ishirini!