Siku Dina Alipovaa Viatu Vyembamba

Kijijini kwetu, katika milima ya Svaneti, anayetaka viatu vya theluji, zile fremu zinazofungwa chini ya buti, huenda kwa Dina. Baba yake, mzee Bimurza, ndiye aliyemfundisha kukunja mti kwa mvuke, kusuka ngozi katikati, na kufunga kamba ili kisigino kibaki huru. Dina ni mama wa makamo, mfupi, mdomo mkali. Mgeni akimwuliza viatu vipi ni bora, humjibu, "Bora kwa saa ngapi?"

Maana Aprili theluji haina msimamo. Asubuhi imeganda kama sakafu, unahitaji viatu vyembamba vyenye meno ya chuma. Mchana imekuwa uji, na bila viatu vipana unazama.

Mwaka juzi, mwezi huo, kaka yake Jokia alipiga simu kutoka ng'ambo ya mlima, alikokuwa akiishi na mzee.

"Dada, njoo. Baba hataiona Jumapili."

Barabara ilikuwa imefunikwa na maporomoko ya theluji. Ilibaki njia ya juu, kwa miguu. Mumewe, Gerganti, akashusha ukutani viatu vipana.

"Masinia hayo ya nini?" Dina akauliza. "Saa nne tutakuwa tumeshavuka. Nikiteleza nayo utaniokota bondeni."

"Na tukichelewa?"

"Labda wewe, unayetembea kama bata aliyeshiba."

Wakavaa vyembamba. Walitoka alfajiri, meno yakiuma barafu vizuri, na saa mbili walikuwa karibu na kilele cha njia. Hapo wakasikia filimbi.

Kijana mmoja wa mjini Tbilisi, jina lake Otari, alikuwa ndani ya shimo la theluji juu ya kijito. Viatu vyake vya plastiki havikuwa na meno. Vilimtelezesha kwenye ganda la theluji, akatumbukia, mguu ukavunjika. Kiatu kimoja kilikuwa vipande viwili.

Gerganti alimtazama mkewe. Dina akafungua kamba aliyobeba mgongoni.

Kumtoa na kumburuta hadi kwenye mwamba wa kilele kuliwachukua muda wa saa tatu. Waokoaji walisema kwenye simu kwamba watafika kesho, theluji ikishaganda. Jua lilikuwa limewaka. Dina akashika njia ya kuteremka, na hatua ya nne akazama hadi kiunoni. Gerganti alimvuta nje kwa begi lake la mgongoni. Upande wa pili wa bonde mteremko mzima ulikatika, ukashuka kwa kishindo.

"Huendi," Gerganti akasema.

"Nyumba ya baba ile pale. Moshi nauona!"

"Hata mimi nauona. Huendi."

Dina akampiga ngumi za kifua mpaka akachoka. Otari akasema taratibu, "Mama, nimewachelewesha."

"Nyamaza. Kula mkate."

Alasiri alimpigia Jokia, naye akaweka simu kwenye sikio la mzee. "Baba, niko hapa juu," Dina akasema. "Nakuona." Alichosikia ni pumzi tu, kama msumeno usio na meno. Kabla jua halijazama Jokia akapiga tena. Mzee alikuwa ameondoka.

Asubuhi waokoaji walimchukua Otari, na Dina akateremka juu ya theluji ngumu kwa muda usiofika saa moja. Wanaume walikuwa uani wakiimba wimbo wa msiba. Jokia alimpisha mlangoni bila kumshika mkono.

"Alikuwa akiuliza, Dina amefika? Mpaka mwisho."

"Kulikuwa na mtu shimoni, Jokia."

"Na hapa palikuwa na baba yako."

Tangu siku hiyo hawajazungumza, hata Pasaka. Otari anaandika barua. Dina huziweka kabatini bila kuzifungua.

Mimi ni jirani yake, na siku moja nilimwuliza kama anajuta kutompita yule kijana. Alikuwa akivuta ngozi kwenye fremu, hakuinua kichwa.

"Angekufa," akasema. Akavuta fundo. "Lakini usiwaambie watu kwamba nilimtoa kwa moyo mweupe. Kila nilipomvuta nilikuwa namchukia."