Sauti Isiyo ya Nyuki

Kazi iliyomlisha Cletus ilikuwa mashine ya kusaga pale Makanyagio, mjini Mpanda, lakini kazi aliyoiota ilikuwa nyuki. Wiki nzima alisimama kwenye vumbi la unga, nyusi zikawa nyeupe kabla ya wakati wake, na Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli kwenda msituni, upande wa njia ya Mishamo, alikotundika mizinga yake. Mtu mzima hufanya nini huko kutwa nzima? Anapaka majivu ili siafu wasipande, anaondoa utando wa buibui, halafu anakaa chini ya mzinga amefumba macho mpaka jua linapolegea. Matilda, mkewe, alishaacha kuuliza siku nyingi.

Siri ya Cletus ni kwamba alikuwa anapoteza masikio. Wengine wangesema ni ile mashine, wengine ni kwinini aliyochomwa utotoni kwao Usevya, lakini yeye hakumpa mtu nafasi ya kusema, kwa sababu hakumwambia mtu. Ukimsalimia alitangulia kucheka. Ukimwuliza jambo alitazama midomo yako, kisha akajibu, "Hiyo nayo ni kweli," jibu ambalo, tuseme haki, huwatosha watu wengi. Maneno ya watu hayakumsumbua sana. Kilichomwuma ni nyuki, na zaidi ya nyuki, wimbo wa baba yake. Alipokuwa mtoto, baba alimpakia nyuma ya baiskeli kwenda mizingani, na njia nzima aliimba bila kufungua mdomo. Cletus aliegemeza shavu kwenye ule mgongo mpana, na wimbo ukamwingia kwenye mfupa. Sasa kila akiutafuta haupati. Aliamini kwamba masikio yalipoondoka, yaliondoka nao, na huzuni hiyo aliibeba peke yake.

Ndipo kikaja kidude cha Austria. Huko Ulaya kwa wanaosema Kijerumani, Berlin, Zurich, Viena, kampuni changa za akili mnemba zinachipuka kama uyoga wa masika, na mojawapo ni ya vijana wanne wa mji wa Graz, Austria, walioamua kuifundisha kompyuta lugha ya nyuki. Itege sikio mzingani, iseme kama wametulia, wamekasirika au wanajiandaa kuhama. Nyuki wa kwao ni wapole mno, wakahitaji na wakali, na Lidia, afisa nyuki wa Mpanda, akawaelekeza kwa Cletus. Kidude chenyewe hakizidi kipande cha sabuni. Kinafungwa ndani ya mzinga, kina sola ndogo juu ya mfuniko, Cletus anakiwasha akifika Jumapili, na habari zake zinabaki kwenye simu: mstari wa kijani nyuki wakitulia, mwekundu wakichafukwa.

Kwa Cletus hilo lilikuwa sikio jipya. Alikaa mlangoni pa mashine akitazama ule mstari wa kijani wa Jumapili ukipanda na kushuka, na mawazo yakasafiri. Graz aliijua kwa picha moja tu aliyotumiwa, mapaa mekundu na mto katikati. Basi akawaona nyuki wake wakipita madirishani kule, sauti tupu bila miili, wakizunguka vichwa vya vijana waliokuwa wakinywa kahawa, na vijana wakanyamaza kuwasikiliza. Katika ndoto hiyo naye alikuwepo, kapewa kiti, na alisikia kila kitu. Mara nyingi mteja alilazimika kumtikisa bega ndipo akumbuke kumpimia unga wake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Lidia alikuja nyumbani mchana, sura haina raha.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Yule Hana wa Graz anataka kuongea na nyie. Kuna tatizo kwenye sauti za mzinga."

Cletus aliliona neno moja tu kwenye midomo yake, tatizo. Wanakuja kukichukua kidude, aliwaza. Kwenye simu ya Lidia alitokea binti mwenye miwani, huyo ndiye Hana, fundi wa kampuni. Aliongea Kiingereza na Lidia akatafsiri, huku Matilda akisogeza kigoda apate kusikia vizuri.

Kompyuta ilifaulu vizuri sana kwa mzinga wa Cletus huku Katavi. Lakini walipoijaribu kwenye mizinga ya Austria, siku chache kabla ya kusimama mbele ya wawekezaji mjini Munich, ikatangaza kwamba nyuki wote wa nchi ile wana hasira. Wale wapole! Hana akachunguza, akagundua kwamba kwa Cletus, kila nyuki walipotulia, palikuwa na sauti nyingine nzito chini yao. Kompyuta ilikuwa imeishika hiyo. Pasipo sauti hiyo, kwake yeye, amani haipo.

"Anauliza ni mdudu gani," Lidia alisema. "Au kidude kimeharibika? Kama kimeharibika, wanakirudisha kwao."

Hana akabonyeza, na nyuki wakavuma kwenye simu pale uani. Cletus alitikisa kichwa kwa makini.

"Hiyo nayo ni kweli," alisema.

Matilda aliangua kicheko, halafu kicheko kikageuka machozi, akayafuta kwa ncha ya kitenge.

"Mdudu gani, mwanangu! Ni huyu hapa. Anaimba hivyohivyo akila, akivaa viatu, akisaga." Akamgeukia mumewe uso kwa uso, akatamka polepole. "Baba Josephat, ni wewe. Unaimba na hujisikii."

Cletus akauliza, "Kumbe unajua?"

"Nisijue, na nalala na wewe? Siku hizi umewahi kuniona nakuita nikiwa nyuma yako?"

Aliona aibu, kisha akahisi mwili wote umepungua uzito. Hana alipotafsiriwa hayo alicheka mpaka akavua miwani. Kidude hakirudi, alisema, ila anaomba mwezi mmoja bila wimbo, kompyuta iwajue nyuki wenyewe.

"Nitanyamazaje, na sijui ninapoanza?" Cletus aliuliza.

"Nitaenda na wewe," Matilda alisema. "Ukianza, nakugusa bega."

Lidia alipoondoka, Cletus alibaki amesimama uani. Aliogopa kuuliza, lakini aliuliza.

"Mama Josephat. Ninaimba nini?"

Matilda hakujua jina la wimbo wala hakuwahi kusikia maneno yake. Alikaa kwenye kigoda, akamgeuzia mgongo, akapiga kofi bega lake mwenyewe kumwonyesha. Cletus alichuchumaa, akaegemeza shavu kwenye kitenge. Mwanzoni alihisi joto na pumzi tu. Kisha sauti ya Matilda, mdomo umefumbwa, ikaanza ndani ya mfupa wa shavu. Ilipanda mara mbili, ikapumzika, ikashuka taratibu, na chini yake akahisi magurudumu, vumbi la njia ya Usevya, na jasho la baba likinuka moshi na nta.

"Rudia," alisema, kwa sauti kubwa hata jirani akageuka.

Matilda akarudia.