Besi Niliyoipotosha Ikonge

Nakumbuka alasiri moja ya Jumapili pale Ikonge, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka uso unanichoma.

Tulikuwa vijana wanne tukipiga muziki wa roki huku kwenye majani chai, na watu walidhani tumerukwa na akili. Mimi nilipiga gitaa la besi. Mokaya, rafiki yangu tangu kwaya ya kanisa, alipiga gitaa la solo. Jina lililoitwa na mashabiki ni lake. Wasichana wa Magwagwa walitaka picha naye, halafu simu wananipa mimi niwapige! Niliona wivu, sikufichi. Nilivionea wivu hata vidole vyake.

Siku hiyo mwenye studio alitoka Nairobi kuja kutusikiliza tukipiga jukwaani. Tukimpendeza, angeturekodi. Mokaya alipoanza solo yake umati ukapiga mayowe, nami nikaishusha besi nusu noti, nje ya wimbo. Makusudi. Asiyejua muziki hudhani aliyepotea ni yule anayepiga noti za juu. Mokaya akahangaika, akakaza nyuzi, mwishowe akaacha kupiga. Wakamzomea. Mgeni akaingia gari lake akaenda. Nilifurahi, mwanangu, kwa kama dakika mbili hivi.

Nyuma ya jukwaa akanijia Mwalimu Ondieki, mzee Msabato aliyetufundisha kwaya sisi wawili. Muziki wetu hakuupenda, lakini alikuja.

"Ombati, nani alikufundisha kuimba besi?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi usinidanganye. Kwaya yote husimama juu ya besi. Wewe umehama, mwenzako ameanguka." Akanitazama. "Na huyo mgeni aliitwa na Mokaya. Ujumbe alinisomea mimi kwanza. Alimwandikia, njoo umsikie mpiga besi wetu."

Hapo hapo Mokaya akaja, macho mekundu, akanishika mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimewaharibia." Nikaanza kukunja nyaya za besi. Wiki hiyo aliuza gitaa lake.

Ilinichukua miaka tisa kwenda kumwambia ukweli. Nilimkuta shambani kwake Nyamache, kikapu mgongoni. Alisikiliza huku akichuma chai, kisha mikono ikasimama.

"Kumbe masikio yangu yalikuwa mazima," akasema. Akarudi kuchuma.

Mimi bado napiga besi, kwenye harusi na hoteli za Kisii mjini. Wapiga solo wamekuja na kwenda, na hakuna hata mmoja wa kumfikia yeye.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikuona ukimtazama mwenzako wa bendi akishangiliwa, nikayajua macho hayo. Wivu utakuja, hata mimi haujaniacha. Ukija, mwambie mwenzako wazi kwamba unauma, lakini akipiga, mshikilie kwa noti zako. Na ukishakosa, kiri siku hiyo hiyo, kabla hajauza gitaa.

Mungu akupe vidole vyepesi, mwanangu, na akujalie uzeeke ukipiga na rafiki yako.